Homurani zimezidi katika besiboli ya Marekani: wapigaji wamekuwa hodari, au mpira ndio uliobadilika?

Mkesha wa Saa Nane (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Sisi tunaofuatilia besiboli ya Marekani tukiwa Afrika Mashariki tumezoea kukesha, kwa kuwa mechi nyingi za kule huanza jioni yao, ambayo kwetu ni saa nane za usiku. Nimekesha hivyo kwa miaka zaidi ya kumi, na katika muda huo kuna jambo moja limenisumbua kiasi cha kunifanya nianzishe uzi huu. Kwa wageni wa mchezo, homurani ni pigo ambalo mpira unaruka na kuvuka uzio wa nje ukiwa katikati ya mistari miwili ya pembeni, hivyo mpigaji anazunguka vituo vyote vinne bila haraka, na wenzake waliokuwa tayari vituoni wanafika nyumbani pamoja naye. Ni pigo lenye faida kuliko yote, na zamani lilikuwa la nadra kiasi kwamba mtu alikumbuka ni nani alilipiga na dhidi ya nani.

Tazameni hesabu za ligi kuu. Msimu wa 2014 zilipigwa homurani 4,186. Mwaka 2015 zikawa 4,909, mwaka 2016 zikafika 5,610, na mwaka 2017 zikawa 6,105, idadi iliyovunja rekodi ya 5,693 iliyowekwa mwaka 2000. Mwaka 2018 zilishuka hadi 5,585, watu wakapumua, kisha mwaka 2019 zikaruka hadi 6,776. Katika miaka yote hiyo timu zilikuwa 30 na kila moja ilicheza mechi 162, kwa hiyo hatuwezi kusema mechi ziliongezeka. Kwa wastani, timu iliyopiga homurani 0.86 kwa mechi mwaka 2014 ilikuwa inapiga karibu 1.4 miaka mitano baadaye.

Maelezo tuliyopewa kwanza yalikuwa kwamba wapigaji wamejifunza kupiga mpira kwenda juu. Sikatai kwamba wamejifunza, lakini mtu hajifunzi hivyo. Ongezeko lile halikuanza mwanzoni mwa msimu, baada ya mazoezi ya majira ya baridi, ambapo mchezaji huwa na muda wa kubadilisha namna anavyozungusha gongo. Lilianza katikati ya msimu wa 2015, baada ya mapumziko mafupi ya Julai, na likaikumba ligi nzima kwa pamoja, wazee kwa vijana, wenye nguvu na wasio na nguvu. Ukiona mazao ya shamba zima yamepanda kwa wiki moja, huanzi kwa kumsifu kila mche. Unakwenda kutazama mvua na mbolea.

Mbolea yenyewe ni mpira. Mpira wa ligi kuu hutengenezwa na kampuni ya Rawlings katika mji wa Turrialba, Costa Rica. Kiini chake ni koki iliyovikwa raba, kisha huzungushiwa nyuzi za sufu tabaka kwa tabaka na uzi wa pamba iliyochanganywa na poliesta juu yake, na mwishowe huvikwa vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe vinavyoshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu, mishono 108 ya jozi. Kanuni inautaka uwe na uzito wa gramu 142 hadi 149 na mzingo wa takriban sentimita 23. Kwa kuwa ngozi, sufu na mkono wa mshonaji vyote vina hali zake, mipira miwili iliyotoka kiwandani siku moja inaweza kutofautiana, na yote miwili ikawa halali.

Ligi iliunda kamati ya wanasayansi, ambaye mwenyekiti wake alikuwa Alan Nathan, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois. Ripoti yao ya Mei 2018 ilikuta kwamba mpira ulikuwa unakutana na ukinzani mdogo wa hewa kuliko zamani, yaani ukipigwa kwa kasi ileile na kwa pembe ileile ulikuwa unakwenda mbali zaidi. Sababu ya ukinzani kupungua hawakuipata wakati huo. Ripoti ya pili, ya Desemba 2019, ililinganisha msimu huo na ule uliotangulia na kusema kwamba asilimia 60 ya ongezeko ilitokana na ukinzani wa hewa kupungua, na asilimia 40 ilitokana na wapigaji. Safari hii waliutaja mshono: pale unapolala chini, hewa inateleza juu ya mpira kwa wepesi zaidi, ingawa kimo cha mshono kilieleza karibu theluthi moja tu ya tofauti za ukinzani.

Lakini ushahidi unaonishawishi kuliko ripoti zote mbili ulitoka ligi ndogo. Hadi mwaka 2018 timu za daraja la Triple-A, ambalo ni daraja moja tu chini ya ligi kuu, zilitumia mpira mwingine, wa bei nafuu zaidi, uliotengenezwa China. Mwaka 2019 zikapewa mpira uleule wa ligi kuu. Homurani za Triple-A ziliongezeka kwa zaidi ya nusu katika msimu mmoja. Daraja la Double-A, lililo chini ya Triple-A na lililobaki na mpira wa zamani, halikuona kitu kama hicho. Wachezaji ni wa rika moja, walimu wao wanasoma takwimu zilezile, na viwanja havikuhamishwa. Kilichotofautiana ni kile kilichokuwa mkononi mwa mrushaji. Mwenye maelezo mengine ya jambo hilo ayalete hapa, nami nitayasoma kwa heshima.

---

Mwana wa Kisauni

Ndugu mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na nakubali kwamba umejenga hoja yako vizuri, ila nadhani umewapunja wapigaji.

Kumbuka kwamba mwaka 2015 ndio mwaka ambao viwanja vyote 30 vilifungwa mfumo wa Statcast, unaopima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo na pembe unayopaa nayo. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa anamwambia mchezaji apige mpira chini, kwa mstari, kwa sababu yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na mwalimu wake. Baada ya hapo mchezaji aliweza kuona kwa tarakimu kwamba mpira wenye kasi ya kilomita 158 kwa saa, ukipaa kwa nyuzi 26 hadi 30, ni mali, na kwamba mpira uleule ukipigwa ardhini unaishia mikononi mwa mlinzi. Huwezi kumpa mtu ramani ya namna hiyo halafu ukashangaa kwamba amefika.

Mifano ipo. Mpigaji J.D. Martinez aliachwa na timu ya Houston Astros mwezi Machi 2014, akiwa tayari ameubadilisha mzunguko wake wa gongo ili uinuke kidogo, akachukuliwa na Detroit na kupiga homurani 23 mwaka huohuo. Mwaka 2017 alipiga 45. Justin Turner aliachwa na New York Mets mwishoni mwa 2013, akajifunza mtindo huohuo, akawa nguzo ya timu ya Dodgers kwa miaka mingi. Tena mtindo wenyewe si mpya, kwa kuwa Ted Williams, mpigaji mashuhuri wa karne iliyopita, aliufundisha tangu zamani: mrushaji anasimama juu ya kichuguu, mpira unashuka, basi gongo linapaswa kuinuka kidogo ili liukute. Kilichokosekana kilikuwa uthibitisho wa kuwanyamazisha walimu wa mtindo wa kupiga chini.

Ongeza na walinzi. Timu zilianza kuwahamisha walinzi wa ndani na kuwarundika upande mmoja kulingana na takwimu za kila mpigaji, hadi ligi ikaupiga marufuku mtindo huo kuanzia msimu wa 2023. Kama wewe ni mpigaji wa mkono wa kushoto na kila mpira unaoupiga ardhini unamkuta mtu anakusubiri, utafanya nini? Utapiga juu ya vichwa vyao. Gharama yake tumeiona: mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi, wapigaji walitolewa kwa kukosa mara tatu mara nyingi kuliko walivyopiga mapigo salama, 41,207 dhidi ya 41,018. Hizo ni tarakimu za watu walioamua kubahatisha pigo kubwa, na uamuzi hauko ndani ya mpira.

---

Msafiri wa Kaskazini

Nawasalimu kutoka Minnesota, ambako Wakenya tupo wengi na wachache wetu tumeambukizwa huu ugonjwa wa besiboli.

Mwaka 2019 timu yetu ya Twins ilipiga homurani 307, idadi ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia kabla ya hapo, ikiwashinda Yankees wa New York kwa homurani moja tu. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepiga 166. Wachezaji watano wa timu hiyo walipiga 30 au zaidi kila mmoja, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla, na Nelson Cruz alipiga 41 katika mwaka aliotimiza umri wa miaka 39. Mitch Garver, ambaye ni mdakaji, alipiga 31 katika mechi 93.

Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi, na sikutaka kumsikia mtu yeyote akizungumza habari za mshono. Lakini kufikia Agosti nilianza kuona kitu ambacho sikukipenda. Mpigaji anaugusa mpira vibaya, mwenyewe anainamisha kichwa kwa kudhani ametoka, mlinzi wa nje anarudi nyuma bila wasiwasi, anarudi tena, anafika ukutani, kisha anatazama juu. Mtu aliyepiga na mtu aliyekuwa tayari kudaka wote wamedanganyika kuhusu umbali wa mpira ambao wameuona maisha yao yote. Hilo haliwezi kuelezwa na ustadi. Kisha ikafika Oktoba, mwezi wa mechi za mtoano, Yankees wakatutoa kwa mechi tatu mfululizo.

---

Mkesha wa Saa Nane (mleta mada)

Msafiri, umeleta kitu ambacho takwimu haziwezi kukionyesha, na nitarudi kwenye hiyo Oktoba.

Mwana wa Kisauni, sijawapunja wapigaji. Ile asilimia 40 ni yao, na ni kubwa. Tunachotofautiana ni aina ya mabadiliko. Kujifunza hupanda taratibu, kama maji yanavyojaa kisimani: mchezaji mmoja anafanikiwa, wa pili anamwiga, baada ya miaka michache wote wanafanya hivyo. Na mtu aliyejifunza hasahau. Sasa nieleze kwa nini homurani zilishuka kwa zaidi ya 500 kutoka 2017 hadi 2018, kisha zikapanda kwa karibu 1,200 mwaka uliofuata. Je, wapigaji walisahau mwaka 2018 na kukumbuka mwaka 2019? Mwenendo wako unaeleza mteremko mrefu wa mlima, na naupokea. Hauelezi ngazi.

Kuhusu Oktoba, mchambuzi Rob Arthur, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akikokotoa ukinzani wa hewa kutokana na vipimo vya mipira iliyorushwa, alionyesha kwamba mara tu mechi za mtoano za 2019 zilipoanza, ukinzani ulipanda. Mipira ambayo Septemba ingevuka uzio ilianza kudakwa mbele ya ukuta. Ni wapigaji walewale, siku chache baadaye. Ligi ilisema mipira yote ilitoka katika bidhaa za mwaka mmoja, na huenda ni kweli, kwa sababu kamati yenyewe ilikuta kwamba tofauti kati ya mpira mmoja na mwingine ni kubwa kuliko tofauti ya wastani kati ya mwaka na mwaka. Kwangu mimi hilo ndilo la kushangaza zaidi katika ripoti yote: mchezo unaojivunia kupima kila kitu hadi nukta ya tatu baada ya sifuri unachezwa kwa kifaa ambacho hakijitambui.

Halafu kuna habari ya 2021. Kabla ya msimu, ligi ilizijulisha timu kwamba uzi wa sufu wa tabaka la kwanza ungezungushwa kwa kulegezwa kidogo, ili mpira upungue uzito kwa chini ya gramu tatu na usidunde sana, na ikakadiriwa kwamba mpigo wa zaidi ya mita 114 ungepungua kwa sentimita 30 hadi 60. Mwanaastrofizikia Meredith Wills, ambaye hufumua mipira mshono kwa mshono na kupima kila uzi, alikuta mipira ya aina mbili ikitumika msimu huohuo. Mwishoni mwa mwaka ligi ikakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa maelezo kwamba janga la korona lilikwamisha kiwanda na ikabidi akiba ya zamani itumike. Naomba mlitafakari hilo kwa utulivu. Mrushaji ambaye mshahara wake unategemea wastani wa alama anazoruhusu alikuwa anapewa mpira bila kujua ni wa aina gani.

---

Shabiki wa Zamani

Mnazunguka bure. Ni dawa za misuli. Tuliyaona mwaka 1998 kwa wapigaji McGwire na Sosa, tukayaona mwaka 2001 kwa Barry Bonds na homurani zake 73 katika msimu mmoja.

---

Mkesha wa Saa Nane (mleta mada)

Mkuu, wasiwasi wako una historia nyuma yake, na ripoti ya Seneta Mitchell ya Desemba 2007 ilitaja majina mengi ya wachezaji waliohusishwa na dawa hizo. Lakini rekodi ya 5,693 ya mwaka 2000 iliwekwa wakati hakuna upimaji wenye adhabu. Upimaji wa namna hiyo ulianza mwaka 2004 na ukaimarishwa baadaye. Msimu wa 2019 uliipita rekodi hiyo kwa zaidi ya 1,000. Na dawa haziwezi kuwaingia wachezaji wote wa Triple-A mwezi Aprili 2019 huku zikiwaacha wa Double-A.

---

Mwalimu wa Mizani

Nafundisha fizikia ya sekondari, na nimeshindwa kupita kimya.

Kwanza, kuna dhana inayorudiwa mara nyingi kwamba warushaji wa siku hizi wanarusha kwa kasi zaidi, kwa hiyo mpira unarudi kwa kasi zaidi. Ni kweli kwamba kasi imepanda: wastani wa mpira wa kasi ulikuwa takriban kilomita 148 kwa saa mwaka 2008, na sasa umepita 151. Lakini kanuni ya kukadiria ambayo Nathan huitumia ni kwamba kasi ya mpira unaotoka ni kama moja ya tano ya kasi ya mpira unaokuja, ukijumlisha na kasi ya gongo mara moja na moja ya tano. Yaani kilomita moja ya gongo ina thamani ya kilomita sita za mrushaji. Ongezeko lile la kilomita tatu linampa mpigaji kilomita 0.6 tu, ambayo ni umbali wa nusu mita na ushei. Tena mpira wa kasi ni mgumu kuupiga sawasawa, kwa hiyo kile ambacho mrushaji anampa mpigaji kwa mkono mmoja anakichukua kwa mkono mwingine.

Pili, hewa yenyewe. Mpira unaruka ndani ya kitu kizito kuliko tunavyodhani, na wepesi wa hewa huonekana wazi katika uwanja wa Coors Field, Denver, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600. Mwaka 1999 zilipigwa homurani 303 katika uwanja huo peke yake. Mwaka 2002 wenye uwanja waliweka chumba cha kudhibiti unyevu na kuhifadhi mipira humo, wakagundua kwamba mpira uliokauka hudunda zaidi na ule wenye unyevu hupoteza nguvu kwenye gongo. Tangu 2022 viwanja vyote 30 vina vyumba hivyo. Lakini msidhani kwamba chumba hupunguza homurani kila mahali. Kwenye jangwa la Arizona kinaongeza unyevu na mpira unapooza, ilhali kwenye mji wa pwani wenye fukuto kama Miami kinaukausha mpira kuliko ulivyokuwa umehifadhiwa awali. Watu wa Tanga na Mombasa watanielewa upesi, kwa maana wanajua chumvi inavyofanya ndani ya kopo lisilofunikwa.

Tatu, joto. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo cha Dartmouth walichapisha utafiti uliotumia mechi 100,000 hivi na kukadiria kwamba ongezeko la joto duniani limechangia zaidi ya homurani 500 tangu mwaka 2010. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hiyo msingi wa hoja ni sahihi. Ila gawanyeni kwa miaka, mtaona kwamba hiyo ni takriban asilimia moja ya homurani zote za kipindi hicho. Ni chanzo cha kweli, kitakachokua, lakini hakiwezi kueleza mruko wa 2019, kwa sababu hali ya hewa ya mwaka mmoja haikubadilika kwa kiasi hicho.

Ninaloomba mlione ni jinsi uzio unavyofanya hesabu ndogo iwe kubwa. Mipira mingi hutua katika mita chache za mwisho kabla ya ukuta. Ukiusogeza mpira wa kila mtu mbele kwa mita moja na nusu tu, hakuna jicho litakaloona tofauti katika mpigo mmoja, lakini mwisho wa msimu utakuta mamia ya mipira imehamia upande wa pili. Kwa hiyo hatuhitaji mpira wa ajabu. Tunahitaji mpira uliobadilika kidogo sana, mara nyingi sana.

---

Kocha wa Jioni

Mimi hufundisha vijana besiboli hapa Dar es Salaam, mchezo ambao kwetu umekuja zaidi kwa mkono wa Wajapani kuliko wa Wamarekani, na ndiyo maana nashangaa kwamba hakuna aliyeitaja Japani hadi sasa.

Ligi ya Japani iliamua kwamba kuanzia 2011 timu zote zitumie mpira wa aina moja uliotengenezwa na Mizuno, badala ya kila timu kujichagulia. Mpira huo haukudunda kama ile ya awali. Mwaka 2010 zilikuwa zimepigwa homurani 1,605. Mwaka 2011 zikawa 939, na mwaka 2012 zikawa 881. Mwaka 2013 zikapanda ghafla hadi 1,311, na wachezaji wakaanza kuulizana. Viongozi walikanusha. Mwezi Juni wakakiri kwamba mpira ulikuwa umebadilishwa ili udunde zaidi, na kwamba mtengenezaji alikuwa ameambiwa asiseme. Kamishna Ryozo Kato alidai kwamba hakujua, lakini kabla mwaka haujaisha alitangaza kujiuzulu.

Katika msimu huohuo Wladimir Balentien, mzaliwa wa Curaçao aliyekuwa akichezea Yakult Swallows, alipiga homurani 60 na kuivunja rekodi ya 55 ya Sadaharu Oh iliyodumu tangu 1964. Nimewahi kuwasikia Wajapani wawili wakibishana kuhusu rekodi hiyo kwa sauti ya chini sana, na ubishi wa sauti ya chini ndio mkali zaidi. Korea Kusini walifanya kinyume, tena hadharani: walitangaza mapema kwamba mpira wa 2019 ungepunguzwa mdundo, na homurani zikaanguka kutoka 1,756 hadi 1,014.

Nchi tatu, mipira mitatu, na kila mara mpira ulipoguswa hesabu zilifuata. Mwana wa Kisauni, wapigaji wa Korea hawakusahau Statcast usiku mmoja.

Kwa faida ya mazungumzo, niseme pia kwamba vijana wangu wanaijua fizikia hii bila kuisoma. Mipira yetu ni michache, tunaitumia hadi ngozi inachubuka na mshono unainuka, na masika ikinyesha inavuta maji. Wao wenyewe wameitenga kwa makundi. Ile mipya wanaificha kwa ajili ya siku ambayo kila mtu anataka kupiga mbali, na ile iliyochoka wanampa mrushaji wakati wa mechi ya kubishania soda.

---

Mwana wa Kisauni

Kocha, hapo kwenye Korea umenibana, nakubali. Nabaki na msimamo kwamba bila wapigaji kujifunza kuinua mpira, mpira unaopenya hewa kwa wepesi ungewasaidia kidogo tu, maana mpira uliopigwa ardhini hauna habari na ukinzani wa hewa. Mpira na mtindo vilikutana. Lakini sitasema tena kwamba mtindo peke yake ulitosha.

Nina swali moja kwa mleta mada. Kama mpira ndio mwenye neno, tufanye nini na rekodi? Aaron Judge alipiga homurani 62 mwaka 2022 na kuipita ile 61 ya Roger Maris ya mwaka 1961, iliyokuwa rekodi ya American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Je, tuseme alibebwa na kiwanda?

---

Mkesha wa Saa Nane (mleta mada)

"Vilikutana" ni neno sahihi kuliko yote niliyotumia mimi, na ningelipata mapema ningeandika uzi mfupi.

Niongeze jambo moja kuhusu kiwanda kabla ya kukujibu. Mwaka 2018 ligi kuu yenyewe, kwa ubia na kampuni ya uwekezaji, iliinunua Rawlings. Sisemi kwamba mtu yeyote alitoa amri mpira uruke; kamati ya wanasayansi haikuona dalili ya makusudi, na ngozi na sufu vinaweza kubadilika bila mtu kukusudia. Justin Verlander, mrushaji mkubwa wa kizazi hiki, aliamini vinginevyo na alilisema hilo hadharani mbele ya waandishi mwezi Julai 2019. Mimi nasema tu kwamba mwenye mchezo sasa ndiye mwenye kiwanda, kwa hiyo hawezi tena kusimama kando na kushangaa pamoja nasi.

Sasa Judge. Mwaka wake haukuwa wa mpira unaoruka mbali. Ni mwaka wa kwanza wa vyumba vya unyevu katika viwanja vyote, na homurani za ligi nzima zilishuka kutoka 5,944 hadi 5,215. Linganisha na 2019, ambapo wachezaji 58 walifikisha homurani 30 na ilikuwa vigumu kumtofautisha hodari na aliyesukumwa na upepo. Mwaka 2022, wakati mipira ya wengine ilikuwa inadondoka mbele ya ukuta, aliyemfuata Judge katika ligi yote alikuwa Kyle Schwarber, mwenye homurani 46. Walitenganishwa na homurani 16.